Miguu ya Baba Ilipoacha Kusikia

Siku baba yangu alipoungua miguu, hakuna aliyesikia kelele. Hakupiga yowe, hakuruka, hakumwita mama. Alikuwa ameketi sebuleni kwetu Nyasho, miguu yote miwili ndani ya beseni, anasikiliza redio.

Mvua ilikuwa imenyesha Musoma tangu asubuhi. Baba ni fundi viatu, na siku ya mvua kama ile kibanda chake cha mjini hakipati mteja. Basi saa saba mchana alifunga, akatembea hadi nyumbani, akafika amelowa mpaka magotini. Jikoni alikuta sufuria la maji ya kuoga limeshachemka juu ya mkaa. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anakinga maji ya mvua kwenye ndoo. Baba hakutaka kumsumbua. Alimimina yale maji kwenye beseni, akaongeza kikombe kimoja cha maji baridi, akatumbukiza miguu na kuegemea kiti.

Mama alipoingia aliona mvuke unapanda. Akainama kulisogeza beseni ili apite, kidole chake kikagusa maji.

"Mzee! Haya maji yanaunguza!"

"Yanaunguza wapi?" baba akamjibu. "Mbona ni ya uvuguvugu tu. Nilikuwa nataka nikuombe uniongezee."

Mama alimshika magoti akamtoa miguu kwa nguvu. Ngozi ya juu ya mguu wa kushoto ilikuwa imekunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka. Baba aliitazama, akamtazama mama, kisha akauliza, "Hii ni nini?"

Mimi nilikuwa Butiama, shuleni ninakofundisha baiolojia. Simu ilinikuta ofisini nasahihisha madaftari. Mama hakulia kwenye simu, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema tu, "Mwanangu, baba yako ameungua miguu na hajasikia. Tuko hospitali. Njoo." Nilimwomba mwenzangu anishikie vipindi vilivyobaki, nikaondoka na nguo nilizovaa.

Njia nzima nilikuwa nafikiria kandambili.

Miezi kama mitatu nyuma, nilipokwenda kuwasalimia, baba alirudi kutoka msikitini na kandambili moja. Mguu wa kulia umevaa, wa kushoto uko peku, una matope. Mama alimuuliza nyingine iko wapi. Baba akainamisha kichwa kutazama miguu yake, akashangaa kama sisi. Hakujua ilimtoka wapi. Tulicheka sana siku ile. Mama alisema majirani wakisikia fundi viatu kapotewa na kiatu mguuni mwake mwenyewe, hawatampelekea kazi tena. Baba naye alicheka. Mimi pia nilicheka, mimi ambaye kila mwaka nasimama mbele ya darasa nikichora ngozi ya binadamu ubaoni. Nachora tabaka la nje, nachora la ndani yake, natia mistari ya mishipa ya fahamu, naeleza kwamba kazi mojawapo ya ngozi ni kutuambia kilichotugusa. Nilijua baba ana kisukari. Nilijua kisukari cha muda mrefu huua mishipa ya fahamu, kikianzia miguuni. Vyote nilikuwa navyo kichwani, na bado nilicheka, nikamnunulia kandambili mpya.

Nilipofika wodini nilimkuta amelazwa, miguu imeinuliwa juu ya mito. Malengelenge yalikuwa yameanza kujaa, mengine makubwa kama yai la kuku. Mama amekaa pembeni, mkono mmoja umeshika kitanda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeacha watoto wa watu darasani kwa ajili ya maji ya moto?"

"Unasikia maumivu?"

"Sisikii kitu," akasema. "Hicho ndicho kinachonitia wasiwasi. Nimeungua mara ngapi kwenye maisha yangu? Gundi ya moto, pasi, jiko. Kuungua nakujua. Huku sikujui."

Muuguzi aliyemhudumia alikuwa mwanaume wa makamo, mpole wa maneno na mwepesi wa mikono. Kila asubuhi alikuja na sinia lake, akalowesha bandeji kwa maji ya chumvi ili zisivute, akazifungua taratibu. Wagonjwa wengine wa kuungua kwenye wodi ile walikuwa wakiona sinia wanaanza kutetemeka. Baba alikuwa anajiinua kwenye viwiko ili aone vizuri. Aliangalia mguu wake unavyosafishwa kama mtu anayeangalia fundi mwenzake akifanya kazi kwenye kiatu cha mteja.

Siku ya pili aliuliza, "Haya maji yanayolowesha bandeji yanatoka wapi? Si mmenikausha jana?"

"Yanatoka ndani yako, mzee," muuguzi alimjibu. "Mwili wa mtu umejaa maji. Ngozi ndiyo kifuniko. Pale kifuniko kilipotoka, maji yanapita. Na yanapotokea maji, ndipo wadudu wanapoingilia. Ndiyo maana nakufunga na kukufungua kila siku."

Baba akatikisa kichwa. "Kwa hiyo miaka yote hii inazuia na mimi sijui."

Siku ya tatu akafika mama mdogo, mdogo wake mama, kutoka Mugango. Upande wa mama ni wavuvi na wakulima, Wakristo wa kule pwani ya ziwa. Mama alisilimu alipoolewa, lakini dada hao wawili hawajawahi kuacha kusaidiana. Mama mdogo aliingia wodini na kikapu. Ndani yake mlikuwa na chupa ya asali na mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Kwenye mfuko mlikuwa na manyoya ya sungura.

"Haya ndiyo dawa ya kuungua," alisema akimwelekea muuguzi. "Sisi kwetu tunawekaga haya. Unapaka asali, unabandika manyoya, yanashika, yanakauka na kidonda. Mimi mwenyewe nikiwa mtoto nilipona hivyo hapa." Akapandisha mkono wa gauni akaonyesha kovu kwenye kiwiko.

Niliona aibu, sijui kwa nini, labda kwa sababu mimi ndiye mwalimu pale. Nilitaka kumwambia aviweke vile vitu kikapuni. Muuguzi akanitangulia. Alilitazama lile kovu vizuri, akalisifu kwamba limefunga sawasawa.

"Mama, wewe ulikuwa mtoto na damu yako haina sukari," akamwambia. "Huyu mzee damu yake ina sukari nyingi, na wadudu wanapenda sukari kama nzi. Nikibandika manyoya juu, watajificha chini yake na sisi hatutawaona. Lakini kuna dawa moja sina hapa, na wewe unayo kule Mugango."

"Ipi?"

"Samaki. Ngozi haijengwi kwa bandeji. Inajengwa kwa samaki, mayai, maharage. Ugali umpe kidogo, samaki umpe wengi."

Mama mdogo alifunga fundo la mfuko wake, akauweka chini ya kikapu. Alikuwa amenuna kidogo, nilimjua. Lakini kuanzia kesho yake hadi baba alipotoka, hospitalini pale hazikupita siku mbili bila sato wa kuchemsha kufika, ana nyanya na ndimu, hana mafuta. Wakati mwingine alileta mwenyewe, wakati mwingine alimpa mtu wa pikipiki. Baba alikula mpaka akasema ataota mapezi.

Mguu wa kulia ulipona wenyewe. Maji ya moto yalikuwa yameishia kwenye tabaka la nje tu, lile jembamba, na chini yake kulibaki uhai wa kutosha. Baada ya wiki mbili na nusu malengelenge yalishakauka na kuanguka, na chini ilitokea ngozi changa ya rangi ya waridi, inang'aa. Baba aliitazama akasema, "Nimekuwa Mzungu wa mguu mmoja." Unyayo nao, wa miguu yote miwili, haukudhurika sana. Miaka ya kutembea peku utotoni na kandambili ukubwani ilikuwa imemjengea sugu nene chini, na ile sugu ilimkinga. Kilichoharibika ni juu, kule kunapotazama mbingu, ambako ngozi ni laini na mtu hadhani kama kuna hatari.

Mguu wa kushoto ulikataa. Pale juu kulibaki kidonda cha upana wa kiganja changu, cheupe katikati, na kidole kidogo cha mwisho kikaanza kuwa cheusi. Daktari alisema moto ulishuka hadi tabaka la chini, lenye mishipa ya damu na mizizi ya vinyweleo. Pale hapakubaki mbegu ya kuotesha ngozi mpya. Kile kidole kilibidi kiondolewe, na kidonda kipandikizwe ngozi kutoka pajani.

Daktari mwenyewe alikuwa msichana, kwa macho yangu, hata kama alikuwa na miaka thelathini na kitu. Alikuja na karatasi ya ridhaa na kalamu. Alikuwa amejiandaa kumtuliza mzee mwenye hofu. Alichokutana nacho ni fundi.

"Mwanangu daktari," baba alisema, "hiyo ngozi ya pajani utaichuna kwa unene gani?"

"Nyembamba sana, mzee. Inaizidi karatasi ya daftari kwa unene kidogo tu."

"Kwa kisu?"

"Kuna kifaa. Kina wembe mpana, tunakipima kwanza, kisha kinapita juu ya ngozi."

"Mimi nikitaka kupunguza ngozi ya ng'ombe kwenye ukingo wa kiatu, nakilaza kisu hivi." Akaonyesha kwa mkono, kiganja kimelala karibu sawa na kitanda. "Ukikisimamisha, kinazama. Na wewe unalaza?"

Daktari alicheka. "Nalaza, mzee."

"Sawa. Sasa nieleze. Mguu umekosa ngozi kwa sababu imeungua. Wewe unatoa pajani. Si na paja sasa litakuwa kidonda? Umeziba shimo kwa kuchimba shimo."

Daktari aliketi ukingoni mwa kitanda. Nilimpenda kwa hilo. Alimweleza kwamba wembe unachukua tabaka la nje na kipande chembamba cha la ndani, unaacha chini vinyweleo na tezi za jasho. Kila kinyweleo kimezungukwa na ngozi inayoshuka nacho chini, kama ukingo wa kisima unavyoshuka na kisima. Kutoka kwenye kila kisima, ngozi mpya itapanda na kutandaa, mpaka visima vyote vikutane. Paja litajifunika lenyewe ndani ya wiki mbili.

Baba alifikiri. "Kwa hiyo pajani mbegu zinabaki chini."

"Zinabaki."

"Na mguuni mbegu zimeungua."

"Ndiyo, mzee."

"Basi nipe hiyo kalamu."

Mama ndiye aliyelia siku ya operesheni, tulipokuwa tumekaa kwenye benchi la nje. Hakulia kwa ajili ya ngozi, alilia kwa ajili ya kidole. Alisema ameishi na mtu huyu miaka arobaini na mbili na vidole vyake vyote anavijua. Nilimshika mkono. Nami nilikuwa najilaumu, na kwa mara ya kwanza nilimwambia. Nilimwambia kwamba ile siku ya kandambili nilipaswa kujua.

Mama alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Na mimi ninayelala naye? Usiku nilikuwaga namgusa miguu, iko baridi kama samaki. Nilidhani ni uzee. Wote tulicheka, mwanangu. Usijitwishe peke yako."

Walipomtoa, baba alikuwa bado ana usingizi wa dawa. Jioni ile, kabla ya magharibi, akafumbua macho. Kisha uso wake ukakunjamana na akavuta pumzi kupitia meno.

"Mguu?" nikauliza.

"Mguu kimya. Paja! Paja linawaka kama limemwagiwa pilipili."

Nilitaka kumwita muuguzi alete dawa. Baba akanizuia kwa mkono. Machozi yalikuwa yanamtoka pembeni ya macho, yanashukia masikioni, na alikuwa anatabasamu.

"Subiri kwanza," akasema. "Subiri nisikie kidogo. Alhamdulillah. Nilidhani nimekufa mwili mzima."

Alistahimili kama dakika tano hivi. Kisha akasema, "Haya, mwite, imetosha," na mama akacheka huku analia.

Baada ya mwezi mmoja na siku kadhaa akaruhusiwa, kwa sharti kwamba kidonda kioshwe kila siku na sukari ipimwe. Nilimwomba aje kwangu Butiama. Nyasho kibanda kingemwita. Angetoka na mkongojo wake kwenda kushona. Alikubali kwa shida. Mama alibaki wiki ya kwanza kufunga nyumba na kugawa kuku wake kwa majirani, kisha akaja.

Hiyo wiki ya kwanza tulikuwa wawili tu, mimi na baba, na kulikuwa na jambo ambalo sikulitarajia. Paja lilikuwa limeshapona, kwa hiyo hilo halikuwa tatizo. Hospitali alikuwa anahudumiwa na yule muuguzi mwanaume, na hakuna binti anayetakiwa kuona paja la baba yake. Tatizo lilikuwa mguu. Asubuhi ya kwanza nilipochuchumaa mbele yake na maji ya chumvi na shashi, aliuvuta mguu chini ya kiti.

"Nitaosha mwenyewe."

"Huwezi kuinama hadi hapo, baba."

"Mtoto hamwoshi mzazi miguu akiwa hai. Hiyo ni kazi ya baadaye."

Nilibaki nimechuchumaa. Nje wanafunzi walikuwa wanapita kwenda shuleni, nasikia sauti zao. Nilikuwa na kipindi saa mbili. Mwishowe nikamwambia, "Baba, wewe ulinishika miguu mara ngapi? Kila mwanzo wa mwaka ulinisimamisha kwenye karatasi, ukazungusha penseli kwenye nyayo zangu, ukanishonea viatu vya shule. Vidole vyangu ulivijua kabla sijavijua mimi. Nipe mguu."

Baada ya muda mguu ulitoka chini ya kiti, taratibu, ukakaa juu ya goti langu.

Kwa miezi minne niliuosha kila asubuhi. Niliuona unavyobadilika siku hadi siku, kwa namna ambayo hakuna kitabu changu cha kufundishia kilichokuwa kimenionyesha. Kipande cha pajani kilishika. Kingo zake zikaungana na za mguu. Rangi ilikuja kwa mabaka, hapa kahawia, pale nyeusi sana, kwingine bado waridi. Hakikutoa jasho. Matone ya jasho yalionekana kisiginoni na kwenye vidole siku ya joto, lakini kile kipande kilibaki kikavu, kinapasuka kama udongo wa mwezi wa nane nisipokipaka mafuta. Nilimweleza baba kwamba tezi za jasho na za mafuta zilibaki pajani; kilichohamishwa ni paa bila mabomba. Alipenda maelezo hayo. Kila siku aliuliza kitu. Kwa nini vidole vya mkono vinakunjamana ukifua sana? Kwa nini kope ni nyembamba na haziungui na jua? Maswali mengine nilimjibu papo hapo, mengine nilisoma kwanza nikamjibu kesho yake, na baadhi sikupata jibu na nilimwambia hivyo.

Mwezi wa nne aliniambia anataka kwenda Bunda.

Bunda kuna mfanyabiashara wa ngozi aliyekuwa akimuuzia tangu mimi sijazaliwa. Baba alisema anataka kujishonea viatu vyake mwenyewe, vipana mbele, laini juu, kwa sababu hakuna kiatu cha dukani kitakachoupenda mguu wa vidole vinne wenye kiraka. Nilimpeleka Jumamosi. Yule mfanyabiashara, mzee mwenzake mwenye kofia ya darizi, alimpokea kwa kumkumbatia muda mrefu, wakaulizana hali za nyumbani mara tatu tatu.

Ngozi zilikuwa zimerundikwa mezani, nyingine nzima na umbo la mnyama bado linaonekana. Nilidhani baba ataangalia. Badala yake alivuta kiti, akaketi, akafumba macho.

"Nipe moja moja," akamwambia mwenzake. "Usiniambie."

Yule mzee alimwekea kipande mikononi. Baba akakipapasa kwa vidole gumba, akakikunja, akakisugua juu na chini.

"Mbuzi. Shingoni."

"Sawa."

Kingine.

"Ng'ombe. Tumbo hili, linavutika. Halifai unyayo."

"Sawa."

Kingine tena. Hapo alikawia. Alikipapasa upande wa nywele, akageuza upande wa nyama, akarudi upande wa nywele.

"Ndama," akasema hatimaye. "Mgongoni. Alikuwa na alama ya kupe hapa."

Yule mzee aliinama akatazama. Kulikuwa na kidoti kidogo sana, mimi nisingekiona hata kwa macho. "Kupe," akakubali. "Wallahi."

Baba akafumbua macho, akashusha pumzi ndefu. Ndipo nilipoelewa safari ile ilikuwa ya nini. Miezi yote hiyo kwangu, alipokuwa akiniuliza habari za vidole na kope, alikuwa na swali moja ambalo hakuthubutu kuniuliza: kama ganzi iliyochukua miguu itakuja kuchukua na mikono. Pale Bunda hakuwa anachagua ngozi. Alikuwa anapima vidole vyake.

Sikumwambia kwamba nimeelewa. Aliichukua ile ngozi ya ndama, na tukanywa chai isiyo na sukari kwa yule mzee, wao wakizungumza habari za bei za zamani, mimi nikitazama mikono ya baba inavyoshika kikombe. Tangu siku ile hakosi kliniki. Sukari yake anaipima mwenyewe na kuitaja kwa sauti kama mtu anayetangaza matokeo ya mpira.

Viatu alivishona kwa wiki mbili kwenye baraza langu. Havikuwa vizuri sana kwa macho, lakini vilimfaa.

Kabla hajarudi Nyasho, nilimwomba aje darasani. Mada ya ngozi ilikuwa imefika, na nilijiona siwezi tena kuchora ile picha ubaoni na kuondoka. Kwa kawaida tunafundisha kwa Kiingereza. Siku hiyo niliwaambia wanafunzi tutazungumza Kiswahili, kwa kuwa mgeni wetu ni mtaalamu na mtaalamu huzungumza lugha ya kazi yake. Baba alikuja na kipande cha ngozi mbichi ya ng'ombe iliyotiwa chumvi. Aliikata ubavuni kwa kisu, akawapitishia waone: juu kabisa utando mwembamba wenye nywele, chini yake sehemu nene ya nyuzi zilizosukana, chini zaidi mafuta. "Hii ya kati ndiyo kiatu," akawaambia. "Ya juu ikishakufa inapukutika, hata kwako wewe inapukutika sasa hivi umekaa hapo. Ya mafuta tunaikwangua. Lakini wewe usiikwangue, inakutunzia joto."

Walicheka. Kisha akavua kiatu. Aliwaeleza habari za beseni bila kujihurumia na bila kuremba, mpaka mwisho.

Maswali yalikuwa mengi. Kengele ilipolia na wengine wakatoka, msichana mmoja wa dawati la nyuma alibaki amesimama mlangoni, anasokota ncha ya sweta.

"Shikamoo babu," alisema. "Babu, bibi yangu anakaaga na miguu karibu na mafiga. Anasema inasikia baridi. Juzi nimeona ina malengelenge. Nilipomuuliza, akasema ni mbu."

Baba alinitazama. Mimi nilimuuliza nyumbani ni wapi. Hapakuwa mbali, nyuma ya kilima, dakika kama ishirini kwa mguu wa mzima. Kwa mguu wa baba ilituchukua saa nzima siku ya Jumamosi.

Bibi alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Alitukaribisha vizuri, lakini habari za miguu hakuzitaka. Alisema yeye ni mzee, na mzee ana haki ya kuota moto. Alisema hospitali wakikushika hawakuachii. Nilianza kumweleza kuhusu sukari na mishipa ya fahamu, na nikaona macho yake yanarudi kwenye ungo.

Baba akaomba kigoda, akaketi karibu naye, akaanza naye kuchambua dagaa. Walizungumza mvua. Walizungumza kwao Kiriba alikozaliwa yule bibi, na baba akakumbuka fundi mmoja wa ngoma aliyemfahamu kule. Ilipita kama nusu saa. Kisha baba, bila kuacha kuchambua, akamwambia, "Dada, mimi walinikata kidole kimoja. Ningewahi, wasingekata. Wewe bado una vyote kumi, nimevihesabu tangu nimekaa hapa."

Bibi alishusha ungo magotini. Akaitazama miguu yake iliyonyooshwa mbele.

"Na huyo daktari ni mwanaume?" akauliza.

"Wa kliniki ya hapa ni mwanamke," nikamjibu.

Hakusema ndiyo. Alituwekea dagaa kwenye gazeti tuondoke nao, akatusindikiza hadi njiani. Lakini Jumatatu mjukuu wake alichelewa shule, akaingia kipindi cha tatu anahema, na nilipomuuliza alikuwa wapi, alisema alikuwa amempeleka bibi kliniki, na bibi amekubali kufungwa bandeji.